Jeep Nyeupe ya Emilienne

Ukifiwa Kasongo, Emilienne anafika kwako kabla ya maji ya chai kuchemka. Ukizaa, anakuletea kitenge ambacho hukumwomba, na si kile kilichochuja rangi dukani, hapana, kile kizuri. Mwanamke wa watu, mcheshi, mkono wake mpana. Wanaouza naye sokoni watakuambia hivyo wote. Lakini wewe jaribu kumtajia mdogo wake Viviane, uone. Uso unakunjamana kama mtu aliyelamba ndimu.

Na walitoka tumbo moja, hawa! Walizaliwa Lusangi, kwa Mama Louise. Emilienne ndiye wa kwanza, ndiye aliyembeba Viviane mgongoni akilima naye, akichota maji naye, akipigwa kwa makosa ya Viviane. Sasa nani aliolewa Salamabila na Djuma, mnunuzi wa dhahabu? Viviane. Nani alikuja Noeli ya mwaka juzi na jeep nyeusi, vioo vinashuka vyenyewe, na shofa, dereva wa kulipwa, ambaye hata jina lake hakuna aliyelijua? Viviane. Mama Louise akapandishwa nyuma, akapelekwa mpaka Kabambare na kurudishwa, Lusangi nzima ikipiga vigelegele. Siku hiyo Emilienne alifika kwa pikipiki, vumbi limejaa hadi masikioni, amekumbatia kikapu cha zawadi. Hakuna aliyekitazama kile kikapu.

Mwaka mzima mama yake alikuwa na wimbo mmoja tu. "Kile kiti, Emilienne! Laini! Mutu anasinzia bila kujua."

"Ndiyo, mama," anajibu Emilienne, na roho inamuuma mpaka anashindwa kumeza chakula.

Basi ukatokea mwaka huu. Mume wake Raphaël, mwenye mashini ya kukobolea mupunga, akasema sasa wamefika pa kununua gari la nyumbani. Yeye alikuwa ameweka cha mashini, Emilienne ameweka cha vitenge, miaka minne. Wana watoto sita. Mupunga unatoka Wamaza kwa baiskeli na pikipiki, gunia mojamoja, na nusu yake inamwagika njiani. Raphaël ni mtu wa kufikiri polepole. Akisema jambo ameshalilalia siku tatu.

Wakaenda kwa Aristote, mfanyabiashara anayeleta magari kutoka Uvira. Uani kwake kulikuwa na jeep mbili.

Ya kwanza ndefu, ya rangi ya udongo, kuukuu lakini imara, chuma kitupu. Mbele viti viwili. Nyuma ina mlango wake peke yake, na ndani mabenchi mawili yanayotazamana, na kati ya dereva na watu wa nyuma kuna ukuta wa bati wenye kidirisha kidogo cha wavu. Bei yake ingewaachia hata cha kuezekea nyumba upya.

Ya pili nyeupe. Lo! Nyeupe ya kung'aa, fupi, ya mviringo, viti vitano vya ngozi, na ndani, mbele ya dereva, kioo cha televisheni kinachoonyesha nyuma. Bei yake ingekomba kila kitu, cha mashini na cha vitenge, isibaki hata ya sukari.

Raphaël aliizunguka ile ndefu mara tatu. Alifungua mlango wa nyuma, akaketi kwenye benchi, akagonga ukuta wa bati kwa vidole. Alitoka anatabasamu.

"Mama Sagesse," akamwita mkewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "hii njo gari ya jamaa. Magunia yatapanda. Watoto wote watapanda."

"Hii?" Emilienne akashika kiuno. "Hii ya kubeba wafungwa? Nishuke mbele ya watu kupitia nyuma, kama mbuzi?"

"We utaikala mbele na mimi. Nyuma kuko mulango yake," akasema Raphaël. Akainamisha kichwa, akasugua kiatu chini. "Kuko watu wa kubeba... wa heshima. Watu ambao mimi siwezi kuikala nao karibu. Fikiria vizuri nani atapanda."

Mtu mwingine yeyote angeelewa. Raphaël tangu alipooa hajamtazama mama mukwe wake usoni, wala kutamka jina lake, wala kula mahali anapoonwa naye. Ndivyo inavyotakiwa kwetu, na yeye ni mkwe mwenye adabu. Asingeweza kulisema wazi pale uani, mbele ya Aristote. Alisema kadiri adabu ilivyomruhusu. Lakini masikio ya Emilienne siku hiyo yalikuwa Salamabila, yanasikiliza vioo vinavyoshuka vyenyewe.

"Aristote," akasema, "hii nyeupe na ile nyeusi ya shemeji Djuma, gani iko mupya zaidi?"

Aristote alikuwa mfanyabiashara. "Aka, mama! Ile ya Djuma? Hii ni mudogo wake mwenye alisoma!"

Ikaisha. Raphaël alijaribu tena nyumbani, akazungumzia magunia, akazungumzia barabara ya Wamaza, akazungumzia bati la nyumba. Emilienne alimsikiliza akikunja vitenge, kisha akamwambia neno moja: "Miaka yote hii sijakuomba kitu. Naomba hii." Na ni kweli, hakuwa amemwomba kitu. Raphaël akapiga moyo konde, akaenda kulipa.

Haraka hiyo yote ilikuwa na sababu. Mwezi wa saba kanisa kubwa la Kasongo lilikuwa na yubile ya wamama walioimba kwaya miaka hamsini, na Mama Louise alikuwa mmoja wao. Kila mama aitwe mbele, na binti yake wa kwanza amfunge kitenge kipya mabegani, mbele ya watu wote. Binti wa kwanza! Si wa pili, si yule aliyeolewa na dhahabu. Emilienne alikuwa amechagua kitenge hicho miezi mitatu kabla, cha buluu chenye ndege wa manjano, akakificha chini ya kitanda kwenye mfuko wake wa plastiki. Usiku mwingine alikitoa kukitazama tu. Hiki, alijiambia, Viviane hawezi kuninyang'anya.

Sasa uongeze na jeep. Mama ashuke kwenye jeep nyeupe, ya Emilienne, mbele ya kanisa, kisha Emilienne amshike mkono ampeleke mbele, amfunge kitenge. Alikuwa ameshaiona picha nzima. Viviane ndani ya picha hiyo alikuwa amesimama mbali sana, karibu na choo.

Wakaenda Lusangi siku moja kabla, yeye na Raphaël, watoto wakabaki. Jeep ikafika inang'aa chini ya vumbi. Majirani wakatoka. Mama Louise akatoka kwenye mlango wa jiko, akaona mkwe wake kwenye usukani, akarudi ndani upesi kama inavyopasa, akapiga vigelegele akiwa humohumo. Emilienne aliisikia sauti hiyo ikamshuka mpaka miguuni.

Jioni ikaja pikipiki. Nyuma ya dereva ameketi Viviane, kilemba kimegeuka rangi ya barabara.

Pikipiki! Emilienne alijibana mdomo ili asicheke.

"Viviane! Pole na safari. Jeep iko wapi?"

"Djuma iko nayo," akasema Viviane akijipangusa. "Iko safari." Kisha akaiona ile nyeupe. Alisimama, akaitazama kwa muda, akapitisha kiganja polepole juu ya boneti, akamwita kama anavyoitwa dada mkubwa. "Yaya, ni yenu? Hongera. Hongera kweli."

Kama angesonya, Emilienne angefurahi zaidi. Lakini alichukua alichopewa. Alilala vizuri usiku huo kuliko usiku wowote tangu ile Noeli.

Asubuhi Mama Louise akatoka amevaa, ameshika fimbo na kikapu cha kuku wawili wa mapadri. Akaizunguka jeep. Akafika nyuma, akasimama, akangoja.

"Fungua mulango yangu," akasema.

"Ni huku, mama," akasema Emilienne, akafungua mlango wa pembeni.

"Huko ni kwa mwenye kuendesha."

"Hapana, mama, ni nyuma yake. Angalia, kiti laini."

Mama Louise akaingiza kichwa, akatazama. Akapima kwa fimbo toka kiti cha nyuma mpaka kiti cha dereva. Fimbo haikuingia nusu.

"Magoti yangu yatakuwa mu mugongo ya mukwe wangu," akasema.

"Utaikala upande mwingine..."

"Na kile kioo?" Akaonyesha kioo kidogo cha juu. "Anaangalia nyuma, ananiona macho. Naangalia mbele, namuona macho. Mpaka Kasongo! Emilienne, mtoto wangu, unataka nife na haya siku ya yubile yangu?"

Emilienne akakimbilia nyuma, akafungua buti. Gurudumu la akiba na dumu la mafuta. Alitazama humo kana kwamba benchi lingeota. Ndipo mlango wa nyuma wa ile jeep ndefu ukamjia, na ukuta wa bati, na Raphaël akigonga kwa vidole anatabasamu. Kuko watu wa heshima. Fikiria vizuri nani atapanda. Ee Mungu wangu! Mume, mwana wa watu, ndiye aliyemkumbuka mama yake, na yeye, binti yake wa kumzaa, hakumkumbuka.

Raphaël wakati huo alikuwa amesimama nyuma ya jiko, amegeukia shamba la mihogo. Emilienne akamfuata. Alitaka mumewe amgombeze, amwambie nilikuambia. Raphaël aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Iko shofa mwingine hapa Lusangi?"

Hapakuwa na shofa. Palikuwa na wakulima wema na waendesha pikipiki wawili. Mama Louise akaanza kufunga kikapu chake vizuri. "Afazali nitembee," akasema. Miaka sabini na miwili!

"Mama, usitembee." Ilikuwa sauti ya Viviane. "Mimi nitaendesha. Djuma alinifundisha Salamabila."

Ungeona Emilienne alivyosimama. Alitazama mikono ya mdogo wake, akatazama ufunguo. Alitafuta njia nyingine kwa nguvu zote, na njia haikuwepo. Akautoa ufunguo kwa vidole viwili.

Wakaondoka hivi: Viviane kwenye usukani. Mama Louise mbele, pembeni yake, maana kwa binti yake hana haya. Emilienne, mwenye jeep, aliyekesha miaka minne akihesabu vitenge, nyuma na kuku. Raphaël, suti yake ya harusi na tai, juu ya ile pikipiki iliyomleta Viviane na kulala Lusangi, akibaki nyuma sana ili vumbi la gari lisimuue.

Na aliendesha vizuri, huyo! Wivu una balaa yake: Emilienne alitamani waanguke shimoni kidogo, kidogo tu, na shimo lilipokuja Viviane alilikwepa kwa mkono mmoja. Mama Louise akacheka. "Laini," akasema, akipapasa kiti. "Kama kile cha kwako, Viviane, kabla hamujauzisha."

Kuku mmoja akapiga kelele.

"Kuuzisha nini?" akauliza Emilienne.

Viviane akakaza macho barabarani. "Jeep ilishaenda, yaya. Toka Pasaka. Shimo ya dhahabu ya Djuma ilijaa maji, akauzisha. Sikutaka watu wajue."

Unadhani Emilienne alimwonea mdogo wake huruma? Ngoja kwanza. Huruma ilikuja, lakini mlangoni ilikuta mwingine amekwisha ingia. Toka Pasaka! Kwa hiyo siku ile uani kwa Aristote alikuwa anashindana na gari lisilokuwepo. Hilo lilimchoma. Lakini lililomkata maini ni lingine.

"Mama, we ulijua?"

"Aliniambia," akasema Mama Louise. "Alikuja akalia kwangu siku tatu."

Kwake. Siku tatu. Na yeye Emilienne, binti wa kwanza, aliyeko karibu, anayepeleka chumvi na sabuni kila mwezi, hakuambiwa. Hata shida za Viviane zilikuwa na heshima kuliko raha zake.

Wakafika Kasongo watu wameshajaa mbele ya kanisa. Viviane akaizungusha jeep taratibu na kuisimamisha mbele ya ngazi kabisa. Wa kwanza kukimbilia alikuwa Marcelline, kiongozi wa kwaya, mwanamke wa sauti.

"Viviaaane! Ingine tena? Leo nyeupe! Na unaendesha mwenyewe! Wamama, kujeni muone mtoto wa Mama Louise!"

Vigelegele. Mikono ikamshusha Mama Louise. Emilienne alikuwa bado anahangaika na mlango wa nyuma, kikapu mapajani.

"Hapana, si yangu," Viviane akasema kwa sauti, na alisema kweli, Mungu ni shahidi. "Ni ya yaya. Ni ya yaya Emilienne."

"Munasikia?" Marcelline akageukia watu. "Munasikia mutoto mwenye adabu? Anapatia yaya yake sifa!"

Wakampigia makofi kwa hilo pia.

Papo hapo Raphaël akawasili juu ya pikipiki, suti imekuwa nyekundu, kope nyekundu, anakohoa. Akaona mama mukwe wake kwenye ngazi, akageuza uso haraka, akajificha nyuma ya mwembe wa padri. Mtu mmoja akasema nyuma ya Emilienne, "Maskini Raphaël. Shemeji anatembea na jeep, yeye na pikipiki."

Kengele ikalia, watu wakaanza kuingia. Viviane akarudisha ufunguo. "Yaya, tuingie. Mama iko anakungoja."

"Tangulia," akasema Emilienne. "Nakuja."

Hakwenda. Alifungua mlango wa mbele, akapanda, akaketi kwenye usukani. Hajui kuendesha, hajawahi hata kugusa. Alishusha kioo, kikashuka chenyewe, akaweka kiwiko nje. Wageni walikuwa bado wanakuja, wa Kabambare, wa Wamaza, na kila aliyepita alimsalimu, na yeye akajibu: "Karibuni. Ndiyo, ni yangu. Tulinunua kwa Aristote. Yangu mimi, na bwana yangu." Mwingine alisema hongera, mwingine aliguna tu akapita. Raphaël akaja mpaka dirishani, akamwambia misa imeanza. Emilienne akajibu nakuja. Raphaël akaja tena, akamwambia wamama wameanza kupangwa mbele. Emilienne akamjibu, "Mahubiri ya padri huyu ni marefu, najua. Acha hawa wanaofika sasa waone." Raphaël akaingia peke yake, akasimama kule nyuma ya kanisa, mbali na mama mukwe.

Ngoma zikaanza. Emilienne alikuwa anamweleza mzee mmoja wa Lusangi jinsi kile kioo cha televisheni kinavyoonyesha nyuma. Katikati ya maelezo akasikia, kutoka ndani, jina la mama yake. Kisha: "Binti yake wa kwanza!" Ikaja mara ya pili: "Binti wa kwanza wa Mama Louise, iko wapi?"

Akaruka. Akakumbuka kitenge, akarudi, akakivuta kutoka kiti cha nyuma pamoja na mfuko wake wa plastiki, kuku wakatawanyika uani. Akapanda ngazi mbilimbili, kiatu kimoja kikabaki. Mlangoni watu walikuwa wamebanana. Akasukuma, akaona.

Mama Louise alikuwa amepiga magoti mbele. Aliyesimama nyuma yake alikuwa Viviane. Hakuwa na kitenge kipya, wala hakujua kiko wapi. Alikuwa amefungua kile cha kiunoni mwake mwenyewe, chenye vumbi la barabara ya Salamabila, akibaki na gauni tu, anakifunga mabegani mwa mama yake polepole. Alikuwa anatazama mlangoni huku akifunga, anatafuta mtu. Mama Louise naye aligeuza kichwa mara moja kutazama mlangoni. Kisha vigelegele vikapanda, kanisa zima likasimama.

Emilienne alisimama pale, ufunguo mkono huu, mfuko wa plastiki mkono ule. Alifungua mdomo aseme ni mimi, binti wa kwanza ni mimi, na vigelegele vikaimeza sauti yake.

Mama mmoja mgeni, aliyekuwa nyuma yake, akamgusa begani. "Mama, samahani," akasema, "sogea kidogo. Na sisi tunataka kuona."